Dania inapokimbilia maua: kupanda viungo vya jikoni kwa kuhesabu saa za giza

Chukua pakiti moja ya mbegu za dania (kotimiri kwa watu wa Unguja, giligilani kwa wengi wa bara). Nusu imwage kitaluni Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni, nusu nyingine London wiki hiyohiyo. Ile ya Dar utaikata majani mara mbili au tatu kabla haijawaza maua. Ile ya London, hata hewa ikiwa ya ubaridi, pengine itachomoza shina la ua kabla hujakata mara ya pili. Mbegu ni ileile, na mbolea umeweka ileile. Kilichotofautiana ni usiku: Dar mwezi huo usiku unazidi saa 12 kidogo, London haufiki saa 7 na nusu.

Wauzaji wengi wa mbegu husema kwamba dania "haipendi joto" na kuishia hapo. Ni kweli nusu. Joto huharakisha maua, lakini urefu wa usiku ndio unaofungua mlango.

Mmea unahesabu giza

Mwaka 1920 Wightman Garner na Harry Allard wa Idara ya Kilimo ya Marekani walieleza kwa nini tumbaku aina ya Maryland Mammoth ilikuwa ikirefuka majira yote ya joto bila kuchanua. Walipoifungia gizani mapema kila siku, ikachanua. Miaka 18 baadaye Karl Hamner na James Bonner walionyesha jambo linalomsaidia zaidi mkulima: ukikatiza usiku mrefu kwa mwanga mfupi, mmea huona kana kwamba usiku ulikuwa mfupi. Ukikatiza mchana kwa giza fupi, mmea haujali. Kinachopimwa, basi, ni giza lisilokatika.

Kipimo chenyewe ni protini iliyomo ndani ya jani, inaitwa fitokromu. Mwanga mwekundu huigeuza upande mmoja, na giza huirudisha polepole upande wa pili. Ndiyo maana balbu dhaifu saa 6 usiku inaweza kubadili tabia ya tuta zima, ilhali kivuli cha mwembe saa 6 mchana hakibadilishi hesabu hiyo hata kidogo.

Hatua ya 1: ujue usiku wa mahali ulipo

Fungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, andika saa jua linapochomoza na linapotua, kisha toa. Fanya hivyo kwa tarehe mbili tu: 21 Juni na 21 Desemba. Jibu ni urefu wa mchana; ukilitoa kwenye saa 24 unapata usiku. Takribani mchana utakuwa hivi:

- Nairobi: mchana wa saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Tofauti ya mwezi na mwezi haizidi kama dakika 10.
- Dar es Salaam: karibu saa 11 na dakika 43 Juni, saa 12 na nusu Desemba.
- Lubumbashi: karibu saa 11 na nusu Juni, saa 12 na dakika 50 Desemba.
- Muscat: karibu saa 10 na dakika 40 Desemba, saa 13 na nusu Juni.
- London: chini ya saa 8 Desemba, zaidi ya saa 16 na nusu Juni.

Ongeza kama dakika 20 alfajiri na 20 jioni kwa mahali palipo karibu na ikweta, kwa sababu mmea unaona mwanga wa mapambazuko na wa magharibi hata jua likiwa chini ya upeo. Kaskazini ya mbali muda huo ni mrefu zaidi. Kwa hiyo dania ya Nairobi inaishi kwenye mchana wa karibu saa 12 na dakika 45, sawasawa Januari na Julai. Anayelima Nairobi akiona dania inachanua mapema mwezi fulani kuliko mwingine, asilaumu kalenda ya jua. Atazame joto, maji na taa za jirani.

Hatua ya 2: panga mimea yako kwa makundi

Ya mchana mrefu. Hii huharakisha maua usiku unapofupika: dania, shibiti, uwatu, mnanaa, oregano. Ndani ya kundi hili hazifanani. Dania na shibiti zitachanua hata kwenye saa 12, ila kwa kuchelewa. Mnanaa karibu na ikweta unaweza kukaa miaka bila ua la maana.

Ya baridi kwanza, kisha mchana mrefu. Paseli ni mfano mzuri. Inahitaji majuma kadhaa ya baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi ikiwa tayari ina majani ya kutosha, ndipo siku ndefu za baada ya hapo ziipandishe shina. Pwani haipati lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo inabaki majani mpaka ichoke. Heri kwa mpishi, hasara kwa anayetaka mbegu zake mwenyewe: mbegu za paseli atazinunua daima. Chaivi (jamii ya kitunguu inayoliwa majani) nayo kwetu huchanua kwa nadra, na huko kwenye majira ya baridi hulala usiku unaporefuka na hewa kupoa.

Ya usiku mrefu. Hapa ipo shiso, kiungo cha Wajapani na Wakorea, ambayo kwetu hukimbilia maua ikiwa bado ndogo. Mchicha na rozela nazo tabia yao inaelekea huku, ndiyo sababu rozela iliyopandwa Uingereza hujaa majani kiangazi chote, kisha ua la kwanza linapokuja baridi inabisha hodi.

Isiyojali sana. Mrehani. Huu huhesabu pingili zake zaidi ya saa za giza: ukishatoa jozi kadhaa za majani kwenye tawi, ncha inageuka ua, uwe Mombasa au Toronto. Joto na jua kali huuharakisha.

Hatua ya 3: dania, tangu mbegu hadi mkasi

Kile kitunda cha mviringo unachokiona ni mbegu mbili zilizofungwa pamoja. Zisugue kwa kigae au chupa juu ya ubao mpaka zigawanyike, bila kuzisaga. Loweka saa 12, kausha juu ya kitambaa kiasi cha kutoshikana mikononi.

Chimba mifereji ya kina cha sentimita 1 hadi 1.5, umbali wa sentimita 20 kati ya mfereji na mfereji. Mwaga mbegu kila sentimita 2 au 3, funika, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo. Zitaota kati ya siku 7 na 15. Usioteshe kitaluni ukahamishe: mzizi wa dania ni mmoja mrefu, ukiukata mmea unapata mshtuko na kukimbilia maua kabla ya wakati. Hata chungu kiwe na kina cha sentimita 20 kwenda chini.

Kata ya kwanza iwe siku ya 35 hadi 45, mmea ukiwa na urefu wa kiganja na nusu. Chukua majani ya nje, acha moyo.

Sasa tazama moyo huo kwa karibu, maana ndipo habari ilipo. Majani ya mwanzo ya dania ni mapana, yamegawanyika vipande vitatu vyenye meno ya mviringo. Siku mmea unapoamua kuchanua, jani jipya linatoka jembamba, limechanikachanika kama la shibiti, na kikonyo chake kinasimama wima badala ya kulala pembeni. Ukishika katikati ya mmea kwa vidole viwili utasikia shina gumu pale ambapo wiki iliyopita palikuwa na majani tu. Ladha nayo hubadilika. Ukiona hivyo, uamuzi umeshapita: kukata ncha kutaleta matawi ya pembeni, nayo yatachanua. Vuna tuta zima wiki hiyo, au liache lizae mbegu za pilau.

Kwa sababu dania hairudishwi, dawa yake ni ratiba. Mwaga mstari mpya kila baada ya wiki 2 au 3. Mtu wa kaya ya watu watano anatosheka na mita 1.5 ya mfereji kila awamu. Kwa misimu:

Pwani ya Tanzania na Kenya, mazao bora hutoka kwenye mbegu zilizomwagwa Mei hadi Julai, usiku ukiwa mrefu kuliko wakati wowote na joto limeshuka. Desemba hadi Februari panda mahali penye kivuli cha mchana, na tegemea kukata mara moja tu.

Oman, mwaga Oktoba hadi Januari. Mbegu inayomwagwa Aprili huko inakutana na joto na siku ndefu kwa pamoja.

Uingereza, Ujerumani, kaskazini ya Marekani: mwaga mwishoni mwa Machi na Aprili, ruka Mei na Juni, kisha rudi mwishoni mwa Julai na Agosti. Dania ya Agosti inakua huku siku zikifupika, na hukaa majani mpaka baridi kali. Mbegu aina ya Santo na Calypso zimechaguliwa kwa kuchelewa kuchanua. Zinakuongezea siku kadhaa, hazifuti tatizo.

Hatua ya 4: mrehani na mnanaa vinataka mkasi wa namna mbili

Mrehani ukatwe mapema. Ukifikisha jozi 3 za majani, kata shina juu tu ya jozi ya pili kutoka chini. Vichipukizi viwili vitatoka kwenye makwapa ya majani yaliyobaki. Kila tawi jipya likifikisha jozi 3, rudia. Hakuna taa wala kifuniko kitakachofanya kazi ya mkasi huu. Anayepanda kwa ajili ya kikuba na asmini hana haja ya kuogopa maua, harufu yake ndiyo anayoitafuta. Anayeweka kwenye mchuzi wa nyanya asiache kichwa cha ua kifike sentimita 2.

Mnanaa ni kinyume. Kwenye usiku mrefu, badala ya kusimama, unatambaa: unatoa mikono juu ya udongo na chini yake, majani madogo, mashina yamelala. Watu hudhani unakosa mbolea, wakaongeza samadi, ukazidi kutambaa. Uchukue mkasi, uukate wote ubaki sentimita 5 kutoka udongoni, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Kila baada ya miaka 2 ng'oa, panda upya vipande vya mizizi vya sentimita 10 kwenye udongo mwingine. Ughaibuni, mnanaa husimama wima kuanzia Mei. Ukate vichwa vya maua vinapoanza kuonekana, maana baada ya hapo majani ya chini hukauka na kupata kutu.

Hatua ya 5: kurefusha mchana kwa balbu

Utahitaji hili kwa sababu mbili: kusimamisha mnanaa na oregano unaotambaa, au kuizuia shiso isichanue. Mashamba ya maua ya Naivasha yanafanya jambo hilohilo kwa haiperikamu, ambayo bila taa za usiku haichanui vizuri kwenye ikweta.

Balbu moja ya LED ya wati 9, yenye mwanga wa manjano na si mweupe wa hospitali, inatoa karibu lumeni 800. Itundike mita 1 juu ya ncha za mimea. Chini yake utapata kiasi cha laksi 100 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), na hiyo inatosha eneo la mita 1 ya mraba. Kama huna kipimo, simama hapo usiku na gazeti: ukisoma habari bila kukaza macho, mwanga unafaa.

Weka taima kwenye soketi, iwashe saa 4 usiku na kuzima saa 8 usiku. Hizo saa 4 za katikati zinavunja usiku vipande viwili vifupi, na ni nafuu kuliko kuwasha tangu magharibi. Kwa mwezi utatumia uniti 1 na kidogo ya umeme. Nje tumia kishikio cha balbu kisichoingia maji, na unganisho lisilale kwenye udongo.

Taa hii inatoa taarifa tu, haitoi chakula. Wanaolima dirishani Oslo au Minneapolis mwezi Januari wanahitaji kitu kingine kabisa: taa ya kukuzia ya wati 20 hadi 30, sentimita 20 hadi 30 juu ya majani. Na hapa kosa kubwa ni kuwasha saa 16 kwa kila kitu kwa sababu maelezo ya boksi yamesema hivyo. Mrehani utafurahia saa 16. Dania na shibiti zilizopewa saa 16 zinadhani ni Juni, zinachanua zikiwa na majani manane. Zipe saa 11 au 12, na kama zinaonekana dhaifu, shusha taa karibu zaidi badala ya kuongeza saa.

Hatua ya 6: shiso, na nidhamu ya kila usiku

Shiso yenyewe ni mmea mkali kwenye hesabu. Toyohashi, Japani, eneo linalojulikana kwa majani ya shiso, wakulima huwasha mabanda usiku ili mmea usichanue. Kwetu, ambako usiku ni mrefu mwaka mzima, anayewauzia wapishi wa Kijapani hana budi kufanya hivyo pia. Washa taa tangu siku mbegu zinapotoa majani mawili ya kweli. Usiku mmoja umeme ukikatika si neno. Ukikatika wiki nzima, ncha zitageuka maua, nawe utaona majani mapya yakitoka madogo na yamebanana. Weka betri ndogo yenye taima yake, au usianze.

Jaribio la ndoo

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho kabla ya kutumia fedha, tumia shibiti. Inajibu haraka kuliko dania. Panda vyungu 3 vya kipenyo cha sentimita 20, mimea 5 kila kimoja, udongo mmoja, siku moja.

Chungu cha kwanza kiache kwenye usiku wa kawaida. Cha pili kiweke chini ya balbu, saa 4 hadi saa 8 usiku, mbali na vingine au nyuma ya ukuta. Cha tatu kifunike kwa ndoo nyeusi saa 11 jioni, ukifunue saa 1 asubuhi. Inua ndoo juu ya vijiti viwili ili hewa ipite, upande wa kivulini, la sivyo jua la jioni litaipika mimea humo ndani. Ndoo ya plastiki nyeupe hupitisha mwanga. Ivalishe mfuko mweusi. Andika siku unapoona shina la kwanza. Cha pili ndicho kitatangulia, cha tatu kitafuata mwisho.

Mambo yanayodanganya

Kabla ya kulaumu usiku, ondoa sababu nyingine. Dania iliyokosa maji siku 3 kwenye jua kali inachanua hata Julai. Chungu chenye mizizi iliyojaa hadi kutoka kwenye matundu hufanya vivyo hivyo. Mimea iliyobanana, isiyopunguzwa, hurefuka shina kutafuta mwanga, na mtu akadhani ni ua. Ukiichunguza ncha hukuti vichwa vya maua, bali majani marefu yaliyopauka.

Kitunguu kina kisa chake. Mbegu za Ulaya ya kaskazini zinasubiri mchana wa saa 14 hadi 16 ndipo zifunge kichwa. Zikipandwa Arusha au Nakuru zinabaki shingo nene na majani. Chagua Red Creole, Bombay Red au Mang'ola Red, ambazo zinafunga kwenye saa 12.

Mwisho, taa ya ulinzi. Tuta la dania lililo chini ya taa ya ukutani inayowaka usiku kucha linachanua kutoka upande wa ukuta kwenda nje: mistari miwili ya kwanza ina maua meupe, ya katikati imeanza kusimama, ya mbali bado majani. Ukiona mpangilio huo usibadili mbegu. Geuza taa, iwekee kofia ya bati inayoelekeza mwanga getini, au hamishia hapo mrehani.